Rangi, Mvua na Wageni: Mwaka wa Mchoraji wa Mtaani

Picha za mtindo wa Tingatinga huchorwa na kuuzwa mahali pamoja: pembeni mwa barabara, kwenye baraza ya duka, chini ya mti wenye kivuli, au katika kichochoro ambacho ukuta wake mmoja umegeuzwa maonyesho. Dar es Salaam, kitovu chake ni Morogoro Stores, Oysterbay. Unguja, picha hizi zimejaa Mji Mkongwe, hasa Gizenga, Hurumzi, Shangani na eneo la Ngome Kongwe. Mwaka wa wachoraji wake huongozwa na mambo mawili: mvua ya pwani na ndege za watalii. Mvua huamua rangi itakauka lini na picha itatundikwa wapi. Ndege huamua kama kutakuwa na wa kuinunua.

Mambo haya mawili hayakufungamana tangu mwanzo. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alizaliwa miaka ya 1930 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati wake, alikwenda kwanza kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua vya hapa na pale. Alianza kuchora mwaka 1968, bila shule ya sanaa. Alitumia alichoweza kukipata dukani kwa fedha kidogo, yaani vipande vya hadibodi vya kujengea dari na rangi za kung'aa zilizotumika kupaka baiskeli. Mkewe, Agatha Mataka, aliziuza picha hizo Morogoro Stores pamoja na biashara yake ya mboga na matunda.

Oysterbay lilikuwa chaguo la busara. Ndiko walikokaa wanadiplomasia, wataalamu wa kigeni na maofisa wa serikali, nao walipita dukani hapo mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Mteja wa mwanzo wa Tingatinga hakuwa mtalii wa wiki mbili. Alikuwa mkazi wa miaka mitatu au minne, mwenye nyumba ya kutundika picha na makontena ya kuzisafirishia siku ya kurudi kwao. Soko la namna hiyo lilikuwa dogo, lakini halikukauka kila Aprili.

Tingatinga alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliolidhania gari alilokuwamo kuwa la wahalifu. Aliacha wanafunzi wachache, wengi wao wakiwa ndugu wa ukoo au watu wa kwao: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde na Abdallah Ajaba. Nao wakafundisha wengine, wengi wakitoka vijiji vya Tunduru kama Nakapanya na Ngapa, na kazi ikaendelea palepale Morogoro Stores. Mwaka 1990 wachoraji wa hapo waliunda chama cha ushirika, kinachojulikana kwa jina la Kiingereza la Tingatinga Arts Co-operative Society. Wakati huohuo Tanzania ilikuwa imekwisha kulegeza masharti ya biashara na utalii ulianza kupanuka, Unguja kuliko kwingine. Hapo ndipo mkazi wa kigeni alipoanza kupisha njia kwa mpita njia, na kalenda ya mchoraji ikabadilika kabisa.

Mabadiliko hayo yanaonekana kwenye picha yenyewe. Ubao wa hadibodi wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakiza kitu, na ndiyo sababu picha nyingi za zamani ni za mraba wenye upande wa sentimita 60 hivi. Hadibodi ni imara, lakini haikunjiki, ni nzito, na pembe zake huvunjika. Mtu anayeondoka kesho alfajiri kwa ndege, huku begi lake limekwisha kujaa, haitaki. Kitambaa cha pamba kikachukua nafasi yake. Kitambaa huwambwa kwenye fremu ya mbao, hupakwa rangi nyeupe ili kizibe matundu, na picha ikishauzwa huchomolewa misumari, huviringishwa na kuingia kwenye bomba la karatasi ngumu. Ukubwa nao ukapungua. Leo picha nyingi zinazotundikwa vichochoroni zinaenea kwenye mkoba wa mkononi.

Rangi ndiyo iliyobaki ileile. Ni rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango na madirisha, inayouzwa kwenye makopo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mchoraji huanza na rangi ya chini, mara nyingi moja au mbili zinazofifia taratibu, kutoka bluu kwenda nyeupe au kutoka nyekundu kwenda manjano. Huiacha ikauke kabisa. Kisha huchora umbo la twiga, ndege, chui au samaki moja kwa moja kwa brashi, wengi wao bila kutangulia na penseli. Umbo likikauka huwekewa mpaka wa rangi nyeusi au nyeupe, na mwisho kabisa huja madoa, mistari na majani, kazi ya brashi nyembamba na mkono usiotetemeka. Rangi hii haichanganyiki vizuri ikiwa mbichi juu ya mbichi, na kutokana na hali hiyo mtindo mzima umejengwa kwa tabaka safi zenye mipaka mikali. Mng'aro unaowavutia wageni ni wa rangi yenyewe, wala haukupakwa juu yake kitu kingine.

Karakana nyingi hugawana kazi hiyo. Mwanafunzi huanza kwa kuwamba vitambaa na kupaka rangi ya chini, kisha hupewa madoa na majani, na baada ya muda huachiwa mnyama mzima. Fundi huchora vichwa na macho. Fundi mwenye wanafunzi wawili au watatu huweza kuwa na picha kumi zinazosubiriana kukauka kwa wakati mmoja, moja ikiwa na rangi ya chini tu, nyingine ikingoja mpaka, nyingine ikingoja saini.

Hivyo mpangilio mzima wa kazi umesimama juu ya kukauka, na mvua ndiyo inayouvuruga. Rangi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Kwanza tina ya kuzimulia rangi huvukizwa, kisha mafuta yenyewe hushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka gamba gumu. Hewa ya pwani ikijaa unyevu na jua likifichika, hatua zote mbili huchelewa. Tabaka linalokauka kwa siku moja mwezi Septemba huweza kuchukua siku mbili au tatu mwezi Aprili, na asiyesubiri huona mpaka mweusi ukiyeyukia kwenye mwili wa twiga.

Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, Aprili ukiwa ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Wageni huadimika, baadhi ya hoteli za ufukweni Unguja hufungwa kwa matengenezo, na vichochoro vya Mji Mkongwe hurudi mikononi mwa wenyeji. Picha zilizokuwa ukutani huingizwa ndani. Hapo kuna adui mwingine. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hunyonya maji na kukaa nayo. Kitambaa kilichoegemezwa ukutani kwa wiki nzima huota kuvu kwa nyuma, na picha zilizoviringishwa kabla ya kukomaa hugandana, na zikibanduliwa hutoka na rangi yake. Fundi mzoefu hutenganisha picha kwa karatasi, huzitundika kwenye kamba katikati ya chumba, na huzigeuza.

Hata hivyo masika ndio msimu mkuu wa kuchora. Bila mnunuzi wa kumsumbua, mchoraji hupata muda wa kuweka akiba ya picha za kuuza kuanzia Juni, na hata kujaribu jambo jipya. Tatizo ni kwamba uchoraji unahitaji fedha wakati ambao fedha hazipo. Rangi, kitambaa na mbao hulipiwa Aprili, picha huuzwa Julai, na katikati kuna kodi ya chumba, chakula na ada za shule. Wasioweza kuvuka pengo hilo hurudi kijijini kwa muda, au huchukua vibarua vya kupaka rangi nyumba na kuandika mabango ya maduka. Wengine huwaendea wenye maduka ya sanaa na kuuza kwa jumla, rundo zima kwa bei ambayo mwezi Agosti wangeikataa kwa picha chache tu. Mwenye duka huweka rundo hilo ndani hadi kusi, msimu unaoanza Juni. Faida kubwa ya sanaa ya mtaani hupatikana hapo, katika miezi mitatu ya kusubiri, na humwendea yule mwenye uwezo wa kusubiri. Udhaifu wa mchoraji haumo mkononi mwake. Umo katika kukosa mtaji wa kula Aprili na Mei.

Pwani ya Waswahili imeishi karne nyingi kwa kalenda ya biashara ya namna hii. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalishuka na pepo za kaskazi, yakarudi na kusi, na miji ilichangamka na kupoa kwa kuzifuata. Wageni wa sasa hawaletwi na upepo. Huletwa na likizo za shule za Ulaya za Julai na Agosti, na baridi ya huko inayowakimbiza Desemba hadi Februari. Lakini matokeo kwa mfanyabiashara mdogo wa Shangani yanafanana sana: miezi ya kuchuma na miezi ya kula kilichochumwa.

Kusi likishika, mwezi Juni, hewa hukauka, joto hupungua, na wageni huanza kujaa. Hii ndiyo miezi ya mauzo, hadi mwanzoni mwa Oktoba. Picha hutundikwa asubuhi kabla wageni hawajatoka hotelini na kuteremshwa jioni, kila siku. Upepo wa Juni na Julai ni mkali, na vitambaa visivyo na fremu hupepea na kuchanika kwenye misumari, kwa hiyo hubanwa kwa vibanio au hushonewa kijiti juu na chini. Jua la moja kwa moja nalo huchujua rangi. Picha iliyokaa ukutani msimu mzima huonekana tofauti na ile iliyokuwa nyuma yake, na wauzaji makini huzibadilisha nafasi. Mauzo mazuri hupatikana mwishoni mwa alasiri, wageni wanaporudi kutoka visiwani na ufukweni na kutembea kuelekea bustani ya Forodhani kutazama jua likizama.

Bei haiandikwi. Huanzia juu, hushuka kwa maneno, na mahali inapoishia hutegemea mwezi kuliko ubora wa picha. Mwezi Agosti mchoraji anaweza kusema hapana, kwa kuwa nyuma ya mgeni huyu kuna mwingine. Mei hawezi. Juu ya bei hiyo kuna fungu la papasi, yaani dalali wa mtaani, aliyemleta mgeni, au la mtembeza watalii, na fungu hilo hulipwa hata kama mgeni angepita mwenyewe. Picha nyingi hazifiki mtaani kwa mkono wa aliyezichora. Huchukuliwa na muuzaji kwa mali kauli: anaondoka na mzigo bila kutoa fedha, na hulipa akishauza. Utaratibu huu umejengwa juu ya kuaminiana na huwasaidia wachoraji wasio na kibaraza chao. Lakini hasara yote humwangukia mchoraji. Picha ikififia, ikichanika au ikirudishwa Oktoba bila kuuzwa, ni yake.

Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, si ndefu wala haitabiriki. Kuna miaka inayopita kwa manyunyu, na kuna miaka mvua ya Novemba inanyesha kama masika. Wageni hupungua bila kuisha, na mafundi huitumia kujaza pengo kabla ya Krismasi.

Kisha kaskazi. Desemba hadi Februari ni msimu wa pili wa wageni na miezi ya joto kali. Mtu angedhani joto ni rafiki wa rangi, lakini rangi nene juani hukauka juu kwanza na kubaki mbichi chini, na ngozi yake hujikunja mikunjo midogo isiyorekebishika. Mafundi hupaka tabaka jembamba zaidi, hufanya kazi alfajiri, na huacha picha zikauke kivulini. Wanaouza Mji Mkongwe husubiri Februari kwa hamu, kwa sababu ya tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 na ambalo kitovu chake ni Ngome Kongwe. Kwa siku chache mji hupata wageni wanaokaa na kurudi jioni ya pili mahali palepale, na mgeni anayerudi ndiye anayenunua picha kubwa. Ramadhani nayo ina nafasi yake katika hesabu. Hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili, ikaangukia katikati ya masika.

Msimu huamua pia kinachochorwa. Mgeni wa Agosti ametoka Serengeti au Ngorongoro, na anataka alichokiona: tembo, simba, pundamilia, Wamasai warefu wenye shuka nyekundu, Mlima Kilimanjaro. Picha ikiuzwa haraka asubuhi, jirani ataanza kuichora jioni, na kabla ya wiki kwisha kichochoro kizima kitakuwa nayo. Ndivyo mtindo ulivyoenea na ndivyo unavyojipunguza. Ndani yake wametokea wachoraji ambao hawakukubali kufungwa na hitaji hilo. Mohamed Charinda alichora visa vya vijijini, waganga na historia, picha zinazotaka mtazamaji asimame na kuzisoma. David Mzuguno alijaza ubao kwa misitu iliyosongamana ya majani na ndege, isiyoacha nafasi ya rangi ya chini kuonekana. Kazi za namna hiyo huchukua wiki kadhaa, hazishindani na picha za haraka, na mara nyingi hununuliwa na wakusanyaji waliotoka mbali kuzitafuta. Zinastahili heshima kubwa kuliko inayotolewa nyumbani.

Kuhusu kunakili, sheria inasema kidogo kuliko watu wanavyotumaini. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na taasisi ya COSOTA, na Zanzibar ina sheria yake na COSOZA. Sheria hizo hulinda picha ya mtu. Mtindo haulindwi, na mtu yeyote duniani anaweza kuchora kwa namna ya Tingatinga. Kipindi cha katuni za watoto cha Tinga Tinga Tales, kilichotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, kilijengwa juu ya mtindo huo na kulipeleka jina lake kwenye nyumba nyingi za Ulaya. Ulinzi wa kweli alionao mchoraji ni saini yake, nayo hupotea kirahisi. Wapo wauzaji wa jumla wanaotaka picha zisizo na jina ili wazichanganye, na wapo mafundi wanaokubali kwa kuwa ni Aprili.

Mtaa wenyewe una masharti. Kwa serikali za miji, anayeuza picha kando ya barabara huhesabiwa pamoja na wamachinga wengine. Desemba 2018 serikali ya Rais John Magufuli ilianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, vilivyowapa nafasi ya kufanya biashara bila kubughudhiwa. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, wamachinga wa Dar es Salaam na miji mingine waliondolewa kando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo maalumu. Kwa muuza nguo au vyombo, soko jipya lenye paa linaweza kufaa, kwani wateja wake wanajua wanachotafuta na watalifuata. Picha hununuliwa na mtu aliyekuwa akipita tu. Ikihamishiwa mahali ambapo wageni hawapiti, haiuziki, hata paa likiwa zuri namna gani. Mipango ya miji inayowaweka wachoraji kapu moja na wauza mitumba inapaswa kuangaliwa upya.

Mwaka 2020 ulionyesha hatari ya kutegemea ndege peke yake. Aprili ya mwaka huo Tanzania ilisitisha safari za kimataifa kwa sababu ya korona. Anga lilifunguliwa tena Mei 18, lakini wageni walikuja wachache, na kusi likapita bila msimu. Akiba ya picha iliyochorwa wakati wa masika ilibaki kwenye kamba. Baadhi ya wachoraji walianza kutuma picha kwa WhatsApp na Instagram kwa wateja wa zamani walioko Ulaya, Marekani na Japani, na njia hiyo imebaki. Inawafaa zaidi wenye majina na wateja waliokwisha kuwajua.

Mteja aliye karibu zaidi ndiye anayetafutwa kidogo kuliko wote. Sebule za wananchi, ofisi, shule, zahanati na kumbi za harusi za Dar es Salaam na Unguja hazifuati likizo za Ulaya. Kuta nyingi za mahali hapo zimetundikwa mabango ya maua na maporomoko ya maji yaliyochapwa ng'ambo, wakati kilomita chache kutoka hapo picha halisi zinasubiri mnunuzi. Hoteli na taasisi za umma zingeagiza kazi zao kati ya Machi na Mei, na kulipa nusu ya bei mwanzoni, mchoraji angevuka masika bila kumwendea mwenye duka. Mtu binafsi naye anaweza kufanya hivyohivyo kwa picha moja. Aende Morogoro Stores au Mji Mkongwe mvua ikinyesha, apatane bei na aliyeshika brashi, ahakikishe jina lake limeandikwa kwenye pembe ya picha, na aiache ining'inie siku chache zaidi kabla ya kuiviringisha.